Mtu wa Sumbawanga Anunua Pikapu

Jumatatu, 11 Juni

Baridi imekaza. Asubuhi nimefungua ghala, nimekagua magunia ya mahindi kama mdudu dumuzi ameingia. Hajaingia. Halafu kwa Festo, kwenye duka lake la intaneti hapa Majengo. Nimekuwa kama vijana, siku haipiti sijakaa mbele ya kompyuta.

Ile pikapu nyeupe yenye mlango uliobonyea bado ipo. Bei ile ile, nusu ya bei ya wenzake wote kwenye ukurasa. Mwenyewe anaitwa Elias, yuko Dar es Salaam. Ameandika kwamba anahamia nje ya nchi, ndiyo maana anauza haraka. Nimelisoma tangazo mpaka Festo akaniambia, "Mama Kizito, utalitoboa hilo."

Atoboe yeye. Mimi nimechoka na malori ya kukodi. Mwaka jana mwenye lori aliniacha Ilemba na mahindi yangu kando ya barabara, mvua ya mwisho ikayakuta, yakaota ndani ya gunia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mwaka huu sitaki kumbembeleza mwanaume yeyote mwenye lori.

Jumatano, 13 Juni

Elias amejibu. Nilimwomba alete gari nilione kwanza, au tukutane hata Mbeya, nimlipe mkononi. Amekataa. Nanakili maneno yake: "Mama, usinielewe vibaya. Watu wa Sumbawanga nawaogopa. Sifa zenu mnazijua wenyewe. Tanguliza kianzio, gari nitalipandisha kwenye lori lije."

Nilicheka. Halafu nikakasirika. Yale yale! Popote niendapo, nikitaja kwetu, mtu anasogeza kiti. Morogoro kuna mama alikataa chai kwa sababu ni mimi niliyeimimina. Sisi tunalima ulezi, tunakwenda misa, tunalala. Wao wanatuona wachawi, tunapaa na ungo.

Nimemwandikia: "Natanguliza hela. Mtaona wenyewe nani mwaminifu, sisi au nyie."

Festo alinitazama tu. Nikamwambia aangalie kompyuta zake.

Ijumaa, 15 Juni

Nimewauza Kazimoto na Askari. Maksai wangu wote wawili. Amewachukua Masanja, Msukuma wa Milepa, anayejua ng'ombe kuliko anavyowajua shemeji zake. Elias kasema kuna mtu wa Tunduma anaitaka pikapu, mwisho ni Jumatatu.

Mama yangu hakugomba. Alikwenda zizini, akasimama pale pasipo na ng'ombe. Aliporudi akauliza, "Mvua zikija tutalima na nini?" Nikamjibu kwamba pikapu itatuingizia hela ya trekta. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nililia nyuma ya ghala. Basi.

Jumatatu, 18 Juni

Hela ya maksai nimeiweka benki, kwenye akaunti aliyonitajia. Jina la akaunti si Elias. La mwanamke. Anasema ni mkewe. Karani akaniuliza, "Mama, huyu unamfahamu?" Nikamjibu afanye kazi yake.

Moyo haujatulia. Lakini nimeshalipa.

Jumatano, 20 Juni

Elias amepokea. "Kumbe mko wastaarabu hivyo!" Nimefurahi kama mtoto aliyesifiwa mbele ya darasa. Aibu, kwa umri huu.

Sasa anataka iliyobaki kabla ya Jumatatu, la sivyo gari linakwenda Tunduma na kianzio kinapotea. Inabidi niuze mahindi yote sasa, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Dalali amekuja kuyaona. Anataka lumbesa, gunia lenye kilemba juu, kwa bei ya gunia la kawaida. Nimemwambia arudi Ijumaa. Sijui kwa nini sikumfukuza.

Festo amenichapishia picha ya pikapu. Nimeibandika ukutani pembeni ya Bikira Maria. Mama ameibandua, ameiweka mezani chini ya bakuli.

Ijumaa, 22 Juni

 

Masanja kapanda kutoka Milepa na malalamiko. Maksai hawavuti mkokoteni. Anawaita, wanamtazama. Anawachapa, wanalala chini. "Mama Kizito, umeniuzia Wafipa. Kisukuma hawajui, Kiswahili wanajifanya hawasikii." Nikacheka mara ya kwanza wiki hii. Kweli, Mama aliwafundisha kwa Kifipa, lugha yetu, tangu wangali ndama.

Akataka kuona hilo gari lililowashinda maksai. Nikaitoa picha chini ya bakuli. Nikataka kumwonyesha nitakapokaa, mimi na usukani wangu, dirisha wazi, salamu kwa wenye malori. Nikaweka kidole kwenye kioo, upande wa kulia.

Hapana usukani.

Usukani uko kushoto. Gari la Dar es Salaam, usukani kushoto! Picha nimekaa nayo siku zote hizi. Nimeitazama rangi, nimeitazama bodi, nimehesabu magunia yatakayoenea. Usukani sikuutazama. Na penye namba ya gari pamepakwa weupe.

Masanja akauliza kama ni gari la wamisionari. 

Dalali amekuja na vijana wake wa kubeba. Nimemwambia siuzi hata debe. Amenitukana, nikamrudishia yake na nyongeza.

Jumamosi, 23 Juni

Nimempa Elias mtihani kwa simu. Aweke gazeti la leo juu ya boneti, apige picha, atume. Akajibu kamera imeharibika. Nikamwambia aazime. Akasema mke ni mgonjwa. Nikamwambia basi nampigia mke, yule mwenye akaunti. Akaja juu: "Ndiyo maana watu wa huko hamwaminiki!" Kisha simu ikazimwa.

Festo ametafuta mpaka ameipata pikapu yenyewe kwenye tangazo jingine, nchi nyingine kabisa, mwenye gari mwingine. Mlango ule ule uliobonyea.

Nimeibiwa. Kianzio chote, maksai wangu wote wawili.

Linaloniuma zaidi ni hili. Hakuniogopa hata chembe. Alijua tu pa kunibonyeza. Kila mtu wa hapa angebonyea pale pale. Tumesingiziwa sana mpaka tuko tayari kulipa ili tusifiwe.

Jumapili, 24 Juni

Misa ya kwanza. Nimesimama, nimekaa, nimepiga magoti. Sijasali.

Nimemwambia Mama.  Akasema mahindi angalau yapo. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 26 Juni

Jana polisi. Wameandika maelezo, wamenipa namba ya jalada, wameniambia Dar ni mbali. Kana kwamba sijui.

Leo Festo ana dawa yake. "Mtumie meseji moja tu. Andika: Umesahau natoka wapi. Atarudisha mbio."

Nimeiandika. Nikaisoma. Nikaifuta. Nikaiandika tena mbele ya ghala, kidole juu ya kitufe. Maneno matatu. Maksai wawili. Hesabu ya mtoto.

Lakini nikiituma, yule mama wa Morogoro alikuwa sahihi kukataa chai yangu.

Nimeifuta. Nimemkasirikia Festo, nimemkasirikia Elias, nimejikasirikia mwenyewe kwa wema huu usiojaza debe. Uji wa ulezi umeungua. Nimeunywa hivyo hivyo.

Alhamisi, 28 Juni

Loo! Haya sijui niyaandikeje.

Nilikuwa nachekecha mahindi. Simu ikalia, namba ngeni. Sauti ya mtu anayeugua. Elias.

"Mama, nisamehe. Tumbo. Tangu Jumapili sikai, silali. Hospitali wamepima, hawaoni kitu. Nakuomba ukifungue ulichofunga."

Nikamwambia sijafunga kitu.

"Mama, nakuomba."

Nikamwambia mimi Mkatoliki, sijui hata pa kuanzia. Akaanza kulia. Ninavyozidi kukana, ndivyo anavyozidi kuamini. Tapeli mzima, mtu aliyecheza na jina la mji wangu kama karata, kumbe karata yenyewe ilikuwa inamtisha moyoni.

Mwisho nikachoka. Nikasema, "Rudisha hela yangu, halafu kapime amiba."

Sikudanganya. Sikusema nimemloga. Ila sikumwambia vilevile kwamba hela haitibu tumbo.

Jumatatu, 2 Julai

Hela imerudi. Pungufu, nyingine ameshakula. Karani ni yule yule, nimemwomba radhi. Amesema hayo ni ya kawaida.

Festo kacheka mpaka akashika ukuta. Kamsimulia kila anayeingia dukani. Nimemwambia anyamaze, lakini nimechelewa. Jioni nimekutana na dalali penye duka la chumvi. Mtu mzima, ana wajukuu, amenipita umri mbali. Kavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Nimeitikia nini? Niligeuza njia. Nimesahau hata chumvi. Watu wa hapa hapa! Wa Dar nitawalaumuje?

Nina hela mkononi na sina raha.

Jumapili, 8 Julai

Jua kidogo leo, upepo bado.

Masanja amewapandisha maksai mwenyewe kutoka Milepa. Amechukua hela iliyopo, pungufu atachukua mahindi. Hakubishana. "Chukua Wafipa wako," alisema, "wamenilia majani bure." Nilimmiminia chai. Alikunywa vikombe vitatu, akaomba na cha nne. Sijui kama anajua alichonifanyia.

Mama yuko zizini anawasemesha. Nasikia Kifipa chake kutoka hapa nilipo. Kazimoto anamjibu.

Picha ya pikapu nimewashia jiko.

Malori ya kukodi yataanza wiki ijayo. Nitawabembeleza wenye malori, nitafanyaje.

Mama ameuliza yule mtu wa tumbo anaitwa nani hasa, anataka kumtaja kwenye rozari. Nikamwambia amtaje kwa jina la Elias, kama ndilo lake.

Baada ya chakula nimemtumia meseji: "Umepona?"

Hajajibu. Nadhani nimemtia hofu zaidi.