Besi ya Mashine ya Kahawa

Jumatano, baada ya rozari

Bega linauma, lakini acha liume. Mjukuu wangu Imelda amepata besi yake, ule mdundo mzito wa gitaa.

Wenzake wa bendi walimwambia asipoleta besi kesho, gitaa anapewa mwingine. Wanataka kuchanganya muziki wa kantri, ile ya redioni ninayoipenda, na panki, ambayo kwangu ni kelele za watu wenye njaa. Tangu juzi besi yake ama inasinzia ama inakimbia ovyo, na chakula hagusi.

Leo nikamwita tumenye kahawa. Mimi nazungusha mashine ya kumenyea kwa mkono, yeye anamimina. Mara akatua ndoo, akategea sikio mngurumo wa mashine.

"Bibi, usiache. Hivyo hivyo, nzito halafu nyepesi. Sasa haraka."

"Mke mwenzangu," nikamtania, "kahawa itachacha."

Wapi, keshashika gitaa. Sauti mbili tu, zinapokezana kama kantri, ila mbio kama panki. Hata mimi kiuno kikanicheza.

Naogopa wenzake hawataipenda. Wakikataa nitawafuata mwenyewe.

Kahawa ikaisha. Kila msimu nawagombeza wanaozungusha mashine tupu, maana inalika. Leo nimeizungusha tupu mpaka giza likaingia.