Tanuri Lako Nimelizuia Mimi

Gitting, Hanang,
6 Septemba 2025.

Mpendwa kaka Onesphory,

Shikamoo. Habari za Mtwara na joto la huko? Wifi Verediana amepona mguu? Sisi ni wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini bado hakubali mtu mwingine amkamulie ng'ombe wake.

Kaka, nina jambo zito, nami nataka ulisikie kwangu kabla fundi Hhando hajakupigia. Matofali ya nyumba yako hayatachomwa. Tanuri lako nimelizuia mimi.

Unakumbuka mwaka ule tope liliposhuka mlimani na watu wakafa. Baadaye kijiji chetu kilitunga sheria ndogo ya ujenzi: nyumba mpya isijengwe kwa matofali yaliyochomwa kwa miti ya mlimani, na kila paa liwe na tangi la maji ya mvua. Wilaya ikaikubali. Mimi, kama mjumbe wa halmashauri ya kijiji, nilinyoosha mkono kuipitisha.

Jumatano alikuja mkandarasi anayetaka kujenga nyumba ya wageni. Akasema mkutanoni, kwa upole kabisa, "Mambo ya ujenzi yanaamuliwa na wataalamu huko juu. Kijiji hakina mamlaka ya kunichagulia tofali."

Wengine wakaanza kukubali. Nikasimama, nikasema, "Wataalamu tunawaheshimu, watuambie nguzo iwe nene kiasi gani. Lakini mlima huu ukishuka unatushukia sisi. Ndiyo maana sheria ya nchi imetuachia nafasi ya kutunga ya kwetu."

Watu wakapiga makofi. Ndipo mzee Tomaso, jirani yetu, akauliza taratibu, "Na zile kuni zilizopangwa kwenye kiwanja cha Onesphory, mwanangu?"

Kaka, nilikuwa nimeziona. Wiki mbili nzima nilipita pale nikitazama upande mwingine. Nikamjibu, "Tutaanza na hizo."

Kesho yake Hhando alizipeleka jikoni shuleni. Amekubali kutumia mashine ya kushindilia udongo na saruji kuwa matofali yasiyochomwa, lakini nyumba haitakwisha kabla ya Krismasi. Najua ulitaka kulala kwako mwaka huu. Hilo linaniuma.

Mkandarasi ameondoka bila kusema kama atarudi. Kuna vijana wanaotulaumu kwamba tumewakosesha kazi.

Ukiona nimekosea, njoo Desemba useme mkutanoni. Sheria tuliitunga wenyewe, na wenyewe tunaweza kuibadilisha. Ila kabla hujasema, panda na mimi hadi pale korongoni palipoachwa wazi na tope. Miche tuliyopanda imenifika kiunoni.

Nisalimie wifi, na binti yako Monica mwambie bibi yake anamuulizia kila Jumapili. Mungu awalinde barabarani na nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikasirikia,
Gaudensia Sulle