Karatasi ya Dawa ya Enoch

Awindiri, Arua

Kwa jina la Mungu, aonaye hata kilicho chini ya kofia.

Mkwe wangu Enoch, nakusalimu wewe na wazee wa Koboko. Sisi hatujambo, mihogo ya shamba letu la Dadamu imekomaa.

Ulimrudisha binti yangu Juliet pamoja na mtoto wenu Rejoice ukisema, "Ukoo wenu una laana, mtoto anaota nywele usoni." Juliet alikuja na kichupa chako, na daktari ameisoma karatasi yake ya maelezo. Dawa ya upara unayojipaka kwa siri ilimwingia mtoto ulipombeba mabegani, shavu lake likiegemea kichwa chako kabla hakijakauka. Karatasi inaagiza unawe mikono, usubiri dawa ikauke, watoto wasiiguse. Hukuisoma. Miezi mitatu mbali nawe, nywele za Rejoice zinapukutika.

Katika sala nimekusamehe. Mbele ya ukoo, bado. Ukimtaka mkeo, njoo Jumapili baada ya ibada, umenyoa kichwa chote, bila kofia. Utasimama mbele ya hao uliowaita wa laana, uisome karatasi yote kwa sauti. Juliet ameomba kiti cha mbele.

Mungu aibariki nyumba yako ingali tupu, na aijaze utakapomaliza kusoma.

Baba mkwe wako,
Mzee Obitre