Nilivyomuuliza Shangazi Kuhusu Sombe

Kalundu, Uvira
Jumanne, 14 Mei 2024

Mpendwa dada Fabiola,

Pokea salamu zetu za nyumbani. Mgongo wako unaendeleaje? Na watoto, wamezoea baridi ya Liège? Huku tuko wazima. Maji ya ziwa yameingia kwa majirani, kwetu bado. Sukari yangu iko juu, lakini ninatembea na kazi ya redio inaendelea.

Nakuandikia habari ya mama yako kabla hujaisikia kwa wengine. Nimemkosea.

Muganga wa hospitali aliniagiza nihesabu kalori za kila mlo. Ile programu uliyoniwekea kwenye simu inajua mkate na yai. Wiki iliyopita, Jumapili, nilikwenda Makobola kula kwa shangazi, mama yako, kama kawaida. Alituandalia bugali, samaki mukeke na sombe ya majani ya muhogo. Nilipiga sombe picha, simu ikasema ni mchicha, kalori kidogo sana. Nilijua si kweli: mawese na karanga havionekani kwenye picha. Basi nikafanya kama kazini. Nikauliza ametia nini humo, kiasi gani, na kama amepika mwenyewe, huku nikichokonoa sombe kwa kijiko nione mafuta ya chini.

Mjomba wako Révérien alicheka. "Aa, journaliste! Leo unafanya interview ya sombe?"

Shangazi hakucheka. Majirani zake wawili waliokula nasi walikuwa wamesimamisha mikono. Unajua mtu wa huku akiuliza hivyo anaogopa nini. Nimetangaza mara nyingi habari za watu waliosingiziwa sumu, najua zinavyoanza, na bado niliuliza.

"Thierry, minye nilikulisha tangu uko na meno ya utoto," alisema. "Leo unatafuta nini mu chakula yangu?"

Nilianza kueleza kalori. Hakusubiri. Alivuta sahani yangu, akala pote nilipochokonoa, polepole, mpaka pakaisha. Kisha akanirudishia kijiko.

"Haya. Mungojee kama nitakufa."

Majirani walikwenda na maneno yao. Kabla ya wiki kuisha, wamama wa parokia, ambao amewapikia kila sikukuu, walimwambia apumzike Pentekoste hii. Walisema ni kwa sababu ya umri.

Juzi nilirudi kuomba msamaha. Alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza. Siku hizi mbabula yake ya makaa iko nje, kando ya barabara ya Fizi, ili kila anayepita aone anachotia. Kila kijiko cha mawese alikiinua juu kabla ya kumimina.

"Umeona? Hesabu."

Vilikuwa vinne. Sasa ninacho kipimo nilichokitaka, na nina haya kuwa nacho.

Usimpigie kumweleza programu. Nimeeleza, hataki kuisikia. Mpigie tu mzungumze, umwache aongee.

Pentekoste sitakwenda kwenye chakula cha parokia. Nitakula kwake, pale barabarani, simu nikiwa nimeiacha nyumbani. Mjomba wako Révérien atakuja. Nimewaalika pia wale majirani wawili.

Hawajanijibu.

Nisalimie shemeji Aimé na watoto wetu, Divine na wenzake. Mungu awafunike huko ugenini, na awarudishe siku moja mkae mezani kwa mama yenu.

Nduguyo akupendaye,
Thierry