Gauni la Miaka Sita

4 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi mzima, ila usingizi na mimi tumekuwa kama wake wenza, hatutazamani. Kifungo hajambo?

Nina jambo. Hospitali inaturuhusu sisi tunaosomea ubingwa kufanya nusu ya saa za kazi, mradi wawili tugawane nafasi moja. Mwenzangu nimempata, naye ana mtoto mchanga. Ila mshahara unakuwa nusu, na miaka mitatu iliyobaki inakuwa sita. Lakini ningemchukua mwanangu Kifungo nikae naye. Ana miaka miwili, na mara ya mwisho aliniita shangazi.

Fomu ninayo. Sitaki kutia saini bila baraka zako.

Mwanao

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo, yanalalamika kuliko wateja. Kifungo mzima. Juzi alimeza kifungo kweli, usishtuke, kimeshatoka.

Baraka kwa hilo sina. Nimekusomesha kwa cherehani tangu huna meno ya mbele. Watu wakiniuliza daktari wangu anamaliza lini, nijibu nini? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Gauni la Kifungo la siku yako ya kuhitimu nimeshalishona, la mtoto wa miaka mitano, liko sandukuni. Kaza moyo. Mtoto kwangu hapungukiwi kitu.

Mama yako

2 Juni

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Nilikutii, fomu nikaifungia kabatini.

Jumanne, nikiwa kazini saa ya thelathini, niliandika dawa ya mtoto wa miezi minne. Juu ya karatasi nikaweka jina la Kifungo, na uzito wa Kifungo, kilo kumi na mbili. Yule ana sita. Muuguzi alisoma, akaniuliza taratibu, "Daktari, huyu ni nani?" Sindano ilikuwa haijachomwa. Mtoto yuko salama. Mimi nilijifungia chooni nikalia.

Mwenzangu alikuwa bado ananingoja. Leo nimetia saini, Mama, bila baraka. Ukikasirika nitaelewa. Nimechoka hata kuogopa.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Sijambo, magoti tuyaache.

Siku zote hizi sikushika kalamu, si kwa hasira. Niliona aibu. Mimi nikikosea mshono nafumua. Wewe ungefumua nini?

Njoo Jumamosi umchukue. Vitu vyake viko kwenye mkoba wa bluu. Hapati usingizi bila kile kitambaa cha kijani, usikifue kwanza. Akikuita shangazi itika tu, atazoea. Nyumba itakuwa kimya na sitaipenda, nakwambia mapema.

Gauni nimelitoa sandukuni nikalifumua. Kitambaa hakimtoshi mtoto wa miaka minane, nimeunga kipande kiunoni, rangi haikulingana sana. Siku yako ya kuhitimu nitakuwa na miaka sitini na tisa. Chini nimeacha upindo mpana wa kushusha mkichelewa, msije mkakimbia kwa ajili yangu.

Mama yako