Kina cha Mstari wa Kati

Nanyala, Mbozi
Jumapili jioni

Kaka yangu Ambwene,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, popote foleni ya mpakani ilipokushika. Simu yako haipatikani tangu uvuke kwenda Zambia, ndiyo maana nampa barua hii Ramadhan, dereva mwenzako, anayepita Tunduma kesho. Huku tu wazima, isipokuwa Baba.

Presha ya macho imepanda. Daktari wa Vwawa alisema apelekwe Mbeya kupasuliwa upesi, kwani uoni ukishapotea haurudi. Kinachookolewa ni kilichobaki. Baba alikubali, ila akaomba kwanza amalize utenzi.

Ni ule wa Mtaliano wa kale anaoutia katika Kiswahili tangu astaafu ualimu: safari ya kuzimu, kisha mlima wa toba, kisha peponi. Yeye hutamka, mimi naandika. Kila ubeti una mishororo mitatu. Wa kwanza na wa tatu vina vyake ni sawa, na kina cha ule wa kati ndicho kinachoanzisha ubeti unaofuata. Wa kati ukiishia “kisima”, mshororo wa kwanza wa ubeti unaofuata sharti uishie kwa “-ima”, nao ubeti huo una wa kati wake unaodai mwenzake. Kila nikimwambia twende, hujibu, “Ruti, nitakiachaje kina kinaning’inia?”

Kaka, nilikosa raha kabisa. Nikipalilia kahawa nasikia vina; nikipika natega sikio kama anajikwaa. Juzi alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina.

Nikaenda kwa Mwalimu Boazi, mwanafunzi wake wa zamani. Akashangaa. Alisema kila wimbo wa utenzi ule, yaani kila sura yake, hufungwa kwa mshororo mmoja peke yake, unaokidhi kina kilichobaki, na mnyororo ukaishia hapo; Baba angeweza kupumzika mwisho wa wimbo wowote. Tena Baba ndiye aliyemfundisha hayo.

Nilirudi mbio nikamwuliza. Akanishika mkono. “Si utenzi, mwanangu. Naogopa. Wakinifungua bandeji nikakuta giza, nitakuwa nimejua. Hapa bado sijajua.”

Sijapata kumsikia akisema anaogopa, hata Mama alipofariki. Tulilia wote wawili.

Kesho asubuhi tunaondoka. Amekubali kwa sharti moja, nalo nakufikishia kama lilivyo: bandeji ikifunguliwa, wewe ndiwe usimame mbele yake. Alisema mimi ananijua kwa sauti, lakini uso wako ameanza kuusahau.

Ukipita kwako, msalimie wifi Ferista na watoto. Mkabidhi dereva mwingine gari, uje Mbeya.

Mdogo wako,
Ruti