Herufi Niliyoiondoa Ukutani

Junda, Kisauni

Dada yangu Mwana Esha,

Nina miaka sabini na sita. Nimewazika wake wawili na mafundi wote walionifundisha kushika brashi, na mkono wangu bado hautetemeki. Shikamoo dada. Magoti yako yaendeleaje huko Siyu? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila mjukuu wako Salma hayumo tena nyumbani mwangu. Nataka ulisikie hilo kwangu kabla hujalisikia kwingine.

Nilikuwa namwandikia Mama Zuhura ukuta wa hoteli yake. Wajua kazi yangu: napiga kamba ya chaki, nahesabu herufi, nagawa nafasi. Ukuta ukiwa mfupi, na neno la Kiingereza likiwa na herufi pacha, moja naiondoa. Nilidhani Waingereza wenyewe waziweka kwa mapambo. Kuta zangu zimeenea kutoka hapa hadi Chaani. Basi DINNER, chakula cha usiku, nikaiandika kwa N moja, ikakaa vizuri mno.

Salma akapita akitoka chuo cha ualimu. "Babu, hiyo N ya pili ina kazi. Mara nyingi irabu ikitamkwa fupi, konsonanti inayofuata huandikwa mbili. Ukiacha moja, neno lageuka jingine."

"Wewe umezaliwa juzi," nikamwambia.

"Na ukuta umeandikwa leo, babu. Rangi bado mbichi, twaweza kuifuta."

Wateja wakacheka. Hapo nikaapa, wallahi, kwamba ndivyo liandikwavyo, na kwamba yeye hana adabu, kalelewa vibaya. Dada, aliyemlea ni wewe. Salma alichukua mkoba wake akaenda kwa rafikiye Kiembeni.

Asubuhi nilimwomba jirani yangu mwalimu aniandikie neno lile. Akaandika N mbili, hakunitazama usoni. Niliapia nisichokijua, kwa sababu ya kicheko tu.

Nimefunga siku tatu, kafara ya kile kiapo. Ukuta nimeufuta, herufi nimezibana kidogo, zote sita zikaingia. Nafasi ilikuwapo. Sasa nikipita kwenye kuta zangu za zamani nainamisha kichwa.

Kiembeni nimefika mlangoni mara mbili nikarudi. Kesho nitabisha, inshallah. Nawe niwie radhi kwa neno nililolisema juu ya malezi yako.

Nisalimie shemeji, na mwanao mshona kofia.

Kiapo changu alikisikia Mama Zuhura, muulize. Mengine muulize Salma. Akikwambia tofauti na nilivyoandika, mwamini yeye.

Nduguyo,
Fundi Athmani